Chagua Jengo Moja Ukae Nalo
Mbinu kwa wanaosoma historia ya usanifu na uhifadhi wa majengo chuoni

Anayeanza kusoma historia na nadharia ya usanifu majengo hukutana mwaka wa kwanza na msururu wa majina: Vitruvius, Alberti, Ruskin, Viollet-le-Duc, Le Corbusier. Mitihani ikifika anakuwa amekariri mitindo na karne zake. Lakini mpeleke Mkomani, Lamu, au kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe wa Zanzibar, umsimamishe mbele ya ukuta uliovimba na kumwaga unga wa chokaa, umwulize: ukuta huu umejengwa lini, umebadilishwa mara ngapi, unaumwa nini, na nani ana haki ya kuamua utibiwe vipi? Wengi hunyamaza. Elimu wanayo, ila haijapata mahali pa kushikia.

Mbinu ninayoiamini kuliko zote ni hii: mwaka wa kwanza uleule chagua jengo moja halisi, ukae nalo mpaka umalize shahada. Kozi ya historia ipitie humo, na ya nadharia vilevile. Ukifundishwa kemia ya chokaa au sheria ya mambo ya kale, rudi kwenye jengo lako ulitazame upya. Mwisho wa masomo utakuwa na faili nene ya kitu kimoja unachokijua kwa undani, na kwa kukijua hicho utaweza kuyasoma majengo mengine yote.

Usikimbilie jengo maarufu. Ngome ya Yesu ya Mombasa imeandikiwa vitabu, na ukiichagua utakuwa unanakili kazi za watangulizi wako. Tafuta jengo ambalo utaruhusiwa kuingia mara nyingi, lenye dalili za kubadilishwa angalau mara mbili, na ambalo yupo mtu hai anayelifahamu. Si lazima liwe la mawe wala la pwani. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma ilisafiri na misafara hadi Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kongo. Kuna mikoa ambako hakuna aliyewahi kuipima. Tembe la Mgogo ni somo kamili la jinsi paa la udongo linavyobebwa na miti. Hata majengo ya karne ya ishirini yamo. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, limeshakuwa historia, na moto wa Julai 2021 uliwakumbusha wengi kwamba zege nalo lina umri. Kama kwenu ni Moshi, jengo la chama cha ushirika cha KNCU, lililosanifiwa na Ernst May, liko mjini hapo.

Kupima ndiko kusoma

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi wanapoharakisha. Siku hizi simu inapiga picha mia kwa dakika chache na programu inazishona zikawa umbo la pande tatu. Ni jambo zuri, nami nakuhimiza ujifunze. Picha zipishane kwa zaidi ya nusu, zipigwe katika mwanga usiobadilika, na kipimo kinachoonekana kiwe kimewekwa ukutani. Lakini mashine haikulazimishi kufikiri. Futi mkononi inakulazimisha, kwa sababu kila unapoishikiza kwenye kona lazima uamue kona hiyo ni ya nini.

Anza kwa kutembea nyumba nzima bila kupima chochote. Kisha chora ramani ya kila chumba kwa mkono, kubwa, ukurasa mmoja chumba kimoja, ili namba zipate nafasi. Pimeni mkiwa watatu: mmoja ashike mwanzo wa futi, wa pili asome, wa tatu aandike huku akiirudia namba kwa sauti. Msipime kipande kwa kipande. Futi ilazwe ukutani kutoka kona hadi kona, isihamishwe, kisha msomaji ataje kila kitu anachokutana nacho njiani: mwanzo wa mlango, mwisho wa mlango, mwanzo wa kidaka, mwisho wa kidaka. Mkipima vipande na kujumlisha, kosa dogo la kila kipande linajumlishwa pia, na jioni chumba kinakataa kufunga karatasini.

Halafu pimeni pembe kwa pembe, mishazari yote miwili. Vyumba vya zamani havina pembe mraba, na bila mishazari utakichora chumba kilichonyooka ambacho hakijawahi kuwapo. Pimeni unene wa ukuta kwenye kila mlango na dirisha. Ukuta ukiwa mnene upande huu na mwembamba ghafla upande wa pili, kuna jambo limetokea hapo. Kwa urefu wa kwenda juu tumieni mpira wa maji wa mafundi: zungusheni alama moja ya usawa nyumba nzima, karibu na kifua, kisha kutoka alama hiyo pimeni kwenda chini hadi sakafuni na kwenda juu hadi kwenye boriti. Ndipo mtajua sakafu imezama wapi na dari imelegea wapi.

Chora michoro safi jioni ileile, kwa skeli ya 1:50 kwa ramani na 1:10 kwa vitu kama mlango wa nakshi. Kipimo kilichosahaulika utakigundua usiku huo, nawe utakirudia asubuhi kabla hujasafiri.

Kazi hii inalipa haraka. Ukipima nyumba ya kale ya Lamu utaona vyumba ni virefu na vyembamba, upana ukichezea kati ya mita mbili na nusu na mita tatu hivi. Vitabu vitakueleza mengi kuhusu faragha, mpangilio wa vyumba vinavyofuatana, msana wa tini, msana wa yuu na ndani, na namna heshima inavyoongezeka kadiri mtu anavyoingia. Yote hayo yana ukweli. Ila wewe uliyeinua macho na kuihesabu mikoko iliyolazwa juu unajua na sababu nyingine: boriti ya mkoko ina urefu wake, na ikivuka hapo haiwezi kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa. Msitu uliingia katika ramani ya nyumba. Nadharia ya faragha na nadharia ya boriti zote zinaeleza chumba kilekile, na kazi yako ni kuonyesha zinakutana wapi.

Ukuta una tarehe zake

Baada ya ramani, soma kuta. Tafuta mstari wa wima ambapo mawe ya upande mmoja hayakufungamana na ya upande wa pili. Huo ni mshono, na maana yake ukuta mmoja ulikuwapo mwingine ulipokuja kuegemezwa. Tafuta milango iliyozibwa, mashimo ya boriti yasiyo na boriti, tabaka za lipu zinazoonekana pale palipobanduka. Tazama mbao: za mkoko zisizopasuliwa, za msumeno, au vyuma? Matofali ya saruji yatakuambia kuwa kipande hicho ni cha juzi.

Kisha chora ramani ileile kwa rangi, kila kipindi na rangi yake, na pembeni mwa kila dai andika ushahidi wako na kiwango cha uhakika wako. "Chumba hiki kiliongezwa baadaye, kwa sababu ukuta wake haukufungamana na wa ukumbi, nina hakika." "Ngazi ilihamishwa; nakisia tu, kwa sababu ya shimo la dari." Mwalimu mzuri atakupa alama nyingi kwa kukisia kwa uaminifu kuliko kwa kudai kwa ujasiri.

Jihadhari na maandishi yaliyochongwa. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba jengo ni la 1107. Lakini sehemu kubwa ya msikiti unaoonekana leo ilijengwa upya katika karne ya 18. Jiwe lenye tarehe linatoa tarehe ya jiwe. Ukuta uliolizunguka una habari zake.

Vitabu usome ukiwa umesimama kwenye jengo

Orodha ya vitabu ya pwani yetu si ndefu, na hilo ni bahati, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuimaliza. Peter Garlake alichapisha mwaka 1966 utafiti wake wa usanifu wa mapema wa Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki, wenye michoro ambayo mpaka leo hatuwezi kuikwepa. Neville Chittick aliandika juu ya Kilwa, kazi iliyotoka 1974. Usam Ghaidan aliandika juu ya Lamu. Jarida la Azania limekuwa likitoka tangu 1966. Kwa Zanzibar utahitaji kazi za Abdul Sheriff, na mpango wa uhifadhi wa Mji Mkongwe ulioandaliwa na Francesco Siravo kwa taasisi ya Aga Khan katika miaka ya 1990.

Ila kusoma kitabu cha historia ya usanifu ni kusoma pia miaka ya mwandishi wake. James Kirkman aliyechimba Gede, na Chittick aliyechimba Kilwa, waliiona miji hii kama kazi ya wageni waliovuka bahari kutoka Uarabuni na Uajemi, Mwafrika akiwa pembeni. Mwaka 1980 Mark Horton akaanza kuchimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine iliyotangulia, ya miti na udongo, tabaka juu ya tabaka, ya awali kabisa ikirudi nyuma hadi karne ya nane. Jengo la mawe lilikuwa limekua mahali pake kutoka kwenye jengo la miti. Michoro ya Garlake na vipimo vya Chittick havikufutwa na ugunduzi huo. Kilichobadilika ni hadithi iliyowekwa juu yake. Jizoeze kutenganisha hayo mawili katika kila kitabu: mwandishi ameona nini, na amesema kina maana gani.

Fanya hivyohivyo kwa vitabu vya ulimwengu. Kile cha Banister Fletcher, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1896 na kusomwa na vizazi vya wasanifu, kilichora historia ya usanifu kama mti ambao shina lake linapanda kutoka Ugiriki na Roma. Kuanzia toleo la 1901 kiliweka usanifu wa Wahindi, Wachina na Waislamu katika kundi la mitindo isiyo ya kihistoria, na sehemu kubwa ya Afrika haikupewa hata tawi. Toleo la karibuni limeandikwa upya kwa mtazamo mwingine. Ukipata nafasi maktabani, weka toleo la kale na jipya mezani pamoja, usome yaliyomo tu. Saa moja ya kulinganisha kurasa hizo itakufundisha mengi zaidi juu ya nadharia ya historia kuliko mihadhara kadhaa.

Na mfano mmoja zaidi, kwa kuwa naupenda sana kama zoezi la darasani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji kwa uzuri wa ujenzi wake, lakini akasema umejengwa kwa miti na nyumba zimeezekwa kwa majani. Wakati huo Msikiti Mkuu ulishakuwapo, na kasri la Husuni Kubwa la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mawe na chokaa, ni la nyakati hizohizo. Sasa je, msafiri alikosea? Kitabu chake alikisimulia zaidi ya miaka ishirini baadaye, huko Fez, na mwingine akakiandika. Inawezekana pia aliona sawasawa: huenda nyumba nyingi za raia zilikuwa za miti na udongo, na mawe yalikuwa ya wachache, kisha miti ikaoza, mawe yakabaki, nasi tukajenga picha ya mji kutokana na kilichobaki. Mimi naelekea upande huu wa pili. Andika kurasa mbili ukitetea upande mmoja, kisha mbili nyingine ukitetea wa pili. Utakuwa umeanza kuwa mwanahistoria.

Karatasi, na ruhusa za kuzifikia

Jengo lako huenda lina karatasi mahali fulani: hati ya kiwanja, barua ya ombi la ujenzi, picha ya zamani. Nyaraka za Taifa Zanzibar ziko Kilimani, za Tanzania Bara ziko Upanga, Dar es Salaam, za Kenya ziko katikati ya Nairobi. Andaa barua ya chuo mapema. Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, Tanzania Bara kuna COSTECH, na Zanzibar ina utaratibu wake yenyewe. Mambo haya huchukua muda, kwa hiyo usipange kwenda nyarakani wiki mbili kabla ya kukabidhi tasnifu.

Ukiwa huko andika kwa penseli, na namba ya jalada iandikwe kabla ya habari iliyomo. Mafaili ya wakati wa Wajerumani yameandikwa kwa mwandiko wa mkono ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa shida. Ukiona unahitaji, jifunze herufi zile, kwa sababu wasomaji wake katika ukanda wetu ni wachache na utakuwa umejipatia ujuzi adimu. Vivyo hivyo kwa Kiarabu, na kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati nyingi za nyumba za pwani zimo humo.

Nadharia iulize swali lenye jasho

Wanafunzi wengi huiogopa nadharia ya uhifadhi kwa sababu hufundishwa kama mfululizo wa hati na mikutano. Ruskin mwaka 1849 alilaani ukarabati unaolivika jengo ujana wa uongo. Viollet-le-Duc, wakati uleule huko Ufaransa, aliona ni halali kulikamilisha jengo hata likafikia ukamilifu ambao halijawahi kuwa nao. William Morris akaanzisha mwaka 1877 chama cha kutetea majengo ya kale dhidi ya warekebishaji. Baadaye ukaja Mkataba wa Venice wa 1964, wa Burra wa 1979, na Hati ya Nara ya 1994. Ukizikariri hivi zitakutoka. Zipe kesi zihukumu.

Chukua jumba la Beit al Ajaib, Zanzibar. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilishambulia eneo la kasri. Jumba likasalimika, majengo jirani na mnara uliosimama mbele yakaharibiwa. Baadaye mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jumba lenyewe, na huo ndio mnara ambao vizazi vyote vilivyofuata viliujua. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi za ukarabati zikiwa zinaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka pamoja na mnara, na watu wawili wakapoteza maisha.

Sasa uliza. Kinachorudishwa ni jumba la Barghash lisilo na mnara usoni, au lile la baada ya 1896? Venice inataka michango ya vipindi vyote iheshimiwe, na inataka kipande kipya kitambulike kuwa ni kipya. Kitambulike vipi, kwenye jumba lenye veranda zinazojirudia pande zote? Burra ingeanza kwa kuuliza mahali hapa pana maana gani kwa watu wake, ndipo ishauri kugusa kwa kiasi kinachohitajika tu. Alois Riegl, aliyeandika mwaka 1903, angekukumbusha kwamba thamani ya ukongwe na thamani ya matumizi hugombana: makovu yanayomfurahisha mpenda historia ni hatari kwa mtu atakayepanda ngazi. Mpe kila mmoja ukurasa, kisha wa mwisho uandike msimamo wako. Wangu ni kwamba mnara urudi, kwa kuwa uso wenye mnara ndio wanaoukumbuka walio hai, na kwamba vifo vile viwili viingizwe katika historia ya jengo inayosimuliwa kwa wageni.

Halafu vuka uende Kasubi, Kampala. Jumba la makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, liitwalo Muzibu Azaala Mpanga, ni la nyasi, matete na miti. Nyasi zake zilikuwa zikibadilishwa kizazi hadi kizazi, na kazi hiyo ina watu wake, wa ukoo wa Ngeye. Machi 2010 likaungua. Kama uhalisi wa jengo uko katika malighafi yake ya asili, basi Kasubi ilikwisha siku ile. Lakini kama uko pia katika ujuzi, miiko na watu wanaoendelea kuezeka, basi kilichoungua kinaweza kurudi kwa haki. Hati ya Nara ilifungua mlango wa hoja hiyo, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ukilishika hili vizuri, utaweza kulitetea tembe au nyumba ya makuti mbele ya ofisa anayeamini kuwa urithi ni mawe tu.

Fundi ni mwalimu wako mwingine

Chuoni utafundishwa mzunguko wa chokaa ubaoni: matumbawe yanachomwa, hewa ya kaboni inatoka, inabaki chokaa kali, inazimwa kwa maji, ikipakwa ukutani inavuta tena hewa ile kutoka angani na kurudi kuwa jiwe, polepole. Usiishie ubaoni. Nenda penye tanuri, uone magogo yanavyopangwa na mawe yanavyowekwa juu. Omba kushika mwiko. Mwulize fundi kwa nini chokaa ya shimo iliyolala muda mrefu anaipenda zaidi, kwa nini analowesha ukuta kabla ya kupiga lipu, na kwa nini hapendi kazi hiyo ikauke upesi juani.

Ndipo utaelewa dhambi ya saruji kwenye ukuta wa matumbawe. Ukuta wa chokaa unapumua: unyevu unaopanda kutoka chini au kuingia na mvua hutoka tena kupitia lipu. Ukiubandika saruji ngumu, maji yanakwama nyuma, chumvi inaganda humo ndani, mawe yanageuka unga, na siku moja ganda zima la saruji linadondoka na uso wa ukuta. Wakati huohuo unyevu uliokwama unakula ncha za boriti zilizomo ukutani, mahali ambapo huwezi kuona. Mwenye nyumba alitumia fedha nyingi kwa nia njema. Kwa hiyo unapokagua jengo, gonga lipu kwa kidole ukisikiliza sauti ya uwazi, kwaruza kwa msumari ujue ni chokaa au saruji, na kabla ya yote panda juu ukaangalie paa na mifereji, kwa kuwa maji ndiyo adui wa kwanza wa kutafutwa. Dawa ya nyumba nyingi ninazoziona zikisubiri mradi mkubwa ni mfereji uliozibuliwa na bati lililobadilishwa mapema.

Mafundi hawa wanazeeka. Kama una simu yenye kamera, rekodi mikono yao ikifanya kazi, kwa ridhaa yao, na jina la fundi liandikwe katika tasnifu kama unavyoandika jina la profesa, akitaka. Mlipe pia siku aliyokupa.

Na wenye nyumba? Piga hodi, subiri ujibiwe. Amkia wazee kabla ya kutoa futi. Nenda na msichana katika kundi lenu, kwa sababu ndani ni kwa wanawake, na pengine yeye peke yake ndiye atakayeruhusiwa kupima huko. Wikio lililovuka kichochoro au ghorofa iliyoongezwa vitakuwa fumbo mpaka bibi akueleze kwamba binti wa nyumba alikuwa anaolewa na palihitajika mahali pake. Hakuna hati ambayo ingekwambia hivyo. Lakini usichapishe ramani ya vyumba vya ndani bila idhini, na usitangaze mlango wa nakshi wenye thamani uko nyumba gani. Wanunuzi wa milango husoma pia.

Sheria na ajira, kwa ufupi

Soma sheria yenyewe, si muhtasari wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya 1964 inaweka mstari wa mwaka 1863 kwa majengo yanayolindwa kwa umri wake, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 imetajwa humo. Maana yake majengo ya Amuli na ya msanifu Anthony Almeida hayalindwi kwa umri; lazima mtu aandike hoja ili yatangazwe. Huyo mtu anaweza kuwa wewe, na faili ya jengo lako ndiyo hoja. Zanzibar ina Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985 na sheria zake. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006.

Kuhusu kazi, jua mapema kwamba shahada ya historia au urithi peke yake haikusajili kuwa msanifu. Tanzania usajili uko kwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Kenya kwa BORAQS, na wote wanataka shahada ya usanifu wenyewe. Ukitaka kusaini michoro, soma usanifu kwanza, uhifadhi uje shahada ya pili. Ukitaka utafiti, makumbusho au idara ya mambo ya kale, njia ya akiolojia na historia inatosha. Kozi fupi za taasisi ya uhifadhi ya ICCROM, yenye makao Roma, na za CRAterre ya Grenoble kwa ujenzi wa udongo, zimewafunza Waafrika wengi. Fuatilia matangazo yake, na maombi yako yawe na michoro ya jengo lako.

Tasnifu ikikubaliwa, chapa michoro nakala tatu zaidi. Moja mpe mwenye nyumba, moja ofisi inayosimamia eneo hilo, moja nyaraka au maktaba. Kila karatasi iwe na mshale wa kaskazini, skeli iliyochorwa kama mstari ili isipotee karatasi ikipunguzwa, tarehe ya kupimwa, na majina ya wote walioshika futi.